Goti bandia: la roboti au la mkono? Maswali ya wasomaji

Barua za magoti zimekuwa nyingi, na nyingi zinazunguka jambo moja: roboti. Tumezifupisha na kuzijibu pamoja. Wanaojibu ni madaktari wa mifupa na mtaalamu wa fiziotherapia.

SWALI: Shikamooni madaktari. Mama yangu ana miaka 68, magoti yote mawili yamesagika na hatembei bila gongo. Hospitali moja ya India imetutumia bei mbili: ya upasuaji wa kawaida na ya roboti, ambayo imezidi sana. Wanasema roboti haikosei na goti litadumu zaidi. Ndugu tunachanga na kila mmoja ana lake. Je, mama atatembea vizuri zaidi akifanyiwa kwa roboti? (Binti, Tanga)

JIBU: Marahaba. Ukimtazama mama akitembea mwaka mmoja baada ya upasuaji, huenda usiweze kabisa kujua alifanyiwa kwa njia gani. Hata X-ray ya kawaida inaweza isikwambie.

Roboti inaushinda mkono kwa jambo moja, na jambo hilo limethibitishwa: mfupa hukatwa karibu zaidi na mpango. Daktari anayetumia vifaa vya kawaida hulenga mstari kutoka nyonga hadi kifundo cha mguu upite katikati ya goti, na akikosea asizidi nyuzi 3. Roboti huingia ndani ya mpaka huo mara nyingi zaidi. Kinachobishaniwa ni kama usahihi huo mgonjwa anausikia mguuni.

Jaribio kubwa na la muda mrefu kuliko mengine lilifanyika Korea Kusini na kutolewa mwaka 2020. Wagonjwa 1,406 waligawanywa kwa kura, nusu kwa roboti na nusu kwa mkono, wakafuatiliwa kwa wastani wa miaka 13. Maumivu, kukunja goti, kiwango cha shughuli: hakukuwa na tofauti. Baada ya miaka 15, magoti 98 kati ya 100 yalikuwa bado yapo mahali pake, katika makundi yote mawili. Wenye kuuza mashine watakwambia roboti ile ilikuwa ya kizazi cha zamani, na hilo ni kweli. Nasi tunaongeza kwamba daktari aliyewapasua alikuwa bingwa mwenye mkono mzoefu sana, na mtu kama huyo mashine haina mengi ya kumwongezea. Lakini anayedai leo kwamba goti la roboti "litadumu zaidi" anadai kitu ambacho mashine za sasa hazijaishi miaka ya kutosha kukionyesha.

Kuna matokeo mengine, ya Mayo Clinic ya Marekani, yaliyowashtua wengi mwaka 2010. Walirudia kuangalia magoti 398 yaliyowekwa kwa mkono miaka 15 nyuma. Yaliyokuwa nje ya nyuzi 3 yalikuwa 106. Yale yaliyonyooka hayakudumu zaidi ya hayo 106. Maana yake si kwamba daktari akate anavyotaka, kwani goti lililopinda vibaya huchakaza upande mmoja wa plastiki iliyo katikati ya goti bandia. Ila kupunguza kosa kutoka nyuzi 3 hadi 1 hakuleti faida kubwa kama tangazo linavyofanya ionekane.

Basi kwa nini baadhi ya wagonjwa hawaridhiki? Katika uchunguzi wa Ontario, Kanada, uliohusu magoti 1,703, karibu mgonjwa 1 kati ya 5 hakuridhika. Sababu kubwa zilikuwa matarajio yasiyotimia, maumivu makali tangu kabla ya upasuaji, na matatizo yaliyomrudisha hospitali. Msumeno haugusi mambo hayo, uwe wa roboti au wa mkono.

Ushauri wetu kwa familia: ikiwa tofauti ya bei ndiyo ingelipia miezi mitatu ya fiziotherapia hapa nyumbani, au sehemu ya goti la pili, pesa iende huko. Na msikubali haraka magoti yote mawili yafanywe siku moja. Kwa umri wake, kama moyo au mapafu si imara, vipindi viwili ni salama zaidi.

Someni ankara mstari kwa mstari. Tangu Agosti 2017 serikali ya India imeweka kikomo cha bei ya kifaa cha goti. Kile cha kawaida cha kobalti na kromu kilianzia rupia 54,720 kabla ya kodi, na bei hurekebishwa. Kikomo hicho ni cha kifaa tu. Ada ya roboti, chumba, picha ya CT (X-ray ya kompyuta) na vifaa vya kutupwa haimo, na hapo ndipo bei inapopaa. Ulizeni pia kifaa ni cha kampuni gani, kwa sababu roboti nyingi hufungwa na kifaa cha kampuni yake: MAKO huweka goti la Stryker, ROSA la Zimmer Biomet. Mkichagua mashine mmechagua na goti.

Lililo muhimu kuliko yote: daktari mwenyewe hufanya magoti mangapi kwa mwaka? Anayefanya mia na zaidi kwa vifaa vya kawaida ni bora kuliko anayejifunzia roboti kwa mama yako. Na kabla ya kukata tiketi, ulizeni MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Upasuaji huu hufanyika, na mama atahudhuria kliniki bila kupanda ndege.

SWALI: Daktari wetu ametuonyesha utafiti wa London kwamba wagonjwa wa roboti walipata maumivu kidogo na kutoka hospitali mapema. Nanyi mnasema hakuna tofauti. Tumwamini nani? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Utafiti huo upo, ulitoka mwaka 2018, na hakuna aliyedanganya. Wagonjwa 40 wa mwanzo walifanyiwa kwa mkono, 40 waliofuata kwa roboti ya MAKO, na daktari alikuwa mmoja. Wa roboti walihitaji dawa chache za maumivu, waliweza kunyanyua mguu ukiwa umenyooka mapema zaidi, na walitoka kwa wastani wa kati wa saa 77 dhidi ya 105.

Tazama lakini mpangilio wake. Hawakupigiwa kura, kundi moja lilimalizika, jingine likaanza. Ndani ya muda huo wauguzi huzoea kuwatembeza wagonjwa mapema, na mgonjwa anayejua amefanyiwa na mashine mpya huwa na moyo wa kuondoka. Faida ya siku za mwanzo inawezekana kuwa ya kweli, maana msumeno uliozuiwa mpaka hauchani nyama za pembeni, na kano hazilegezwi sana. Ila ni faida ya siku na wiki. Kwa mfanyakazi anayetaka kurudi kazini haraka ina thamani. Kwa mtu anayeuza ng'ombe ili alipie, hesabu ni nyingine.

Na mkisoma utafiti wowote wa goti, angalieni tofauti ni ya pointi ngapi. Kipimo cha Oxford, cha maswali anayojibu mgonjwa kuhusu goti lake, kina pointi 0 hadi 48, na mgonjwa huanza kuhisi mabadiliko tofauti inapofika kama pointi 5. Tofauti ya pointi 1 au 2 inaweza kuwa ya kweli kitakwimu, na mwenye goti asijue kama ipo.

SWALI: Roboti inakata yenyewe? Naogopa umeme ukikatika katikati. (Msomaji, Bukavu)

JIBU: Kwa mashine nyingi za sasa, haikati yenyewe. Tueleze kazi ilivyo.

Kwa njia ya kawaida, daktari hupasua mbele ya goti, husogeza kilegesambwa pembeni, na hutoboa tundu mwishoni mwa mfupa wa paja. Fimbo ndefu ya chuma huingia ndani ya uwazi wa mfupa na kubeba kalibu ya kukatia, iliyowekwa kwa nyuzi 5 hadi 7. Msumeno hupita kwenye ufa wa kalibu na kuondoa kama milimita 8 hadi 10 za mfupa. Kwenye muundi, kalibu hufungwa kwa nje ikifuata mstari wa kifundo, na hukatwa unene kama huohuo ukipimwa kutoka upande usiolika sana. Kisha mwisho wa paja huchongwa pande zilizobaki, vipande vya majaribio huwekwa, goti hukunjwa na kunyooshwa, na daktari husikiliza kwa mikono kano za ndani na nje zinavuta sawa au la. Akiridhika, chuma hugandishwa kwa saruji ya mifupa, na plastiki ngumu huwekwa katikati.

Kwa roboti, jeraha la goti na kifaa ni vilevile. Kinachobadilika ni upimaji. Pini mbili hukazwa kwenye mfupa wa paja na mbili kwenye muundi, na juu yake husimama alama zinazoonwa na kamera. Daktari huuzungusha mguu ili kompyuta ipate kitovu cha nyonga, hugusa vifundo, kisha hugusa nukta kadhaa juu ya mfupa ili kompyuta iulinganishe na picha. MAKO hutaka CT kabla ya siku ya upasuaji. Roboti nyingine, CORI na VELYS, hujenga picha palepale mezani. Halafu huja sehemu tunayoipenda sisi: kabla ya kukata chochote, skrini inaonyesha nafasi ya ndani na nje kwa milimita, goti likiwa limenyooka na likiwa limekunjwa, na daktari anaweza kusogeza mpango milimita moja, nyuzi moja. Ndipo mkono wa MAKO hubeba msumeno. Daktari anaushika na kubonyeza. Ukifika mpaka unagoma. ROSA hata haikati, inashikilia kalibu tu.

Umeme: chumba cha upasuaji kinachostahili jina hilo kina jenereta na betri. Mashine ikizima, daktari huchukua kalibu za kawaida na kumaliza kazi. Kwa hiyo daktari asiyejua njia ya kawaida asikuguse na roboti.

Yanayoharibika zaidi ni madogo na ya kimyakimya. Pini ikilegea kwenye mfupa uliokonda wa mama mtu mzima, alama husogea kidogo, na kompyuta huendelea kukata kwa usahihi mkubwa mahali pasipo sahihi. Ndiyo maana kuna nukta ya ukaguzi inayoguswa kabla ya kukata, na msaidizi anayeegemea alama zile afukuzwe mezani. Nukta zikiguswa juu ya gegedu badala ya mfupa, kosa linaingia tangu mwanzo. Upasuaji nao hurefuka, hasa kwa timu inayojifunza.

Njia ya mkono ina kasoro zake: fimbo ikiingia milimita chache pembeni hubadilisha nyuzi, mfupa wa paja uliopinda huidanganya, na ubapa wa msumeno hujikunja ukikutana na mfupa mgumu.

SWALI: Mwaka 2009 nilivunjika paja kwa ajali ya bodaboda, chuma bado kimo ndani ya mfupa. Sasa goti limekwisha. Daktari anasema mimi roboti inanifaa. Ananiuzia? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Hapana, hapo ana hoja. Chuma kilichomo kimeziba njia ya ile fimbo ya kalibu. Kwa njia ya kawaida ya fimbo, lazima kwanza kitolewe, na huo ni upasuaji mwingine wenye hatari yake. Vivyo hivyo kwa paja lililounga likiwa limepinda. Kama fedha za roboti hazipo, uliza habari za kompyuta ya kuongozea peke yake (kamera na alama zile, bila mkono wa roboti) au kalibu zinazochongwa kwa picha ya CT ya mgonjwa. Zote hukwepa fimbo. Ila hakikisha wanaangalia pini zitakaa wapi, zisigongane na chuma.

SWALI: Mimi nina miaka 54 na nimeambiwa ni upande wa ndani tu wa goti ulioharibika, nibadilishiwe nusu. Roboti inasaidia? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Kwenye nusu goti roboti ina nafasi nzuri zaidi ya kujitetea, kwa sababu kipande ni kidogo, jeraha ni dogo, na kosa la nyuzi chache haliwi na pa kujificha. Jaribio la Glasgow lenye wagonjwa 139 lilionyesha vipande vikikaa kwa usahihi zaidi, na maumivu ya wiki za mwanzo yakiwa pungufu. Kufikia miaka miwili, alama za jumla za wagonjwa zilikuwa zimelingana.

Kwanza hakikisha unafaa: maumivu yawe upande wa ndani, kano ya msalaba ya mbele iwe nzima, na mguu wenye matege uweze kunyooshwa kwa mkono. Ugonjwa wa baridi yabisi unaoshambulia maungo mengi haufai. Jua pia kwamba, kwa takwimu kubwa zilizochapishwa 2019, magoti kamili 82 kati ya 100 hufika miaka 25, na nusu goti ni 70. Na umri wako una bei yake: mwanamume anayebadilishiwa goti mwanzoni mwa miaka ya hamsini ana uwezekano unaofika 35 kwa 100 wa kulirudia kabla hajafa, wa miaka 70 ni kama 5. Kama dawa, kupunguza uzito na mazoezi bado vinakusaidia, subiri.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, miaka 71. Nikiwekewa la roboti nitaweza kusujudu na kutumia choo cha kuchuchumaa? (Mzee, Pemba)

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Jibu halitegemei roboti. Kinachotabiri goti jipya litakunjika kiasi gani ni goti la zamani lilikuwa likikunjika kiasi gani kabla ya kisu. Wengi huishia nyuzi 110 hadi 120. Ngazi zinataka kama 90, kuinuka kitini 95 hadi 105. Kuchuchumaa kunataka zaidi ya 120, na kikao cha baina ya sijida mbili hupita 140. Kwa hiyo jiandae kuswali juu ya kiti, na nyumbani weka choo cha kukalia au kiti chenye tundu juu ya choo kilichopo, kabla ya siku ya upasuaji. Kupiga goti chini hakuvunji kifaa, ila wengi huona karaha, na ngozi ya upande wa nje wa kovu hufa ganzi.

Utakachoweza kukiamua mwenyewe ni wiki sita za mwanzo. Usiweke mto chini ya goti, hata kama unastarehesha. Goti litaganda likiwa limekunjika na utachechemea maisha yako yote. Weka taulo lililoviringishwa chini ya kisigino, goti lining'inie dakika 10, mara kadhaa kwa siku. Buruta kisigino kuelekea matako mara 10 kila saa ukiwa macho. Barafu ndani ya kitambaa dakika 15 hadi 20 baada ya zoezi, na dawa ya maumivu nusu saa kabla ya zoezi. Lengo ni kunyoosha kabisa na kukunja 90 kufikia wiki ya pili, 110 kufikia ya sita. Kama wiki ya sita bado hujafika 90, rudi kwa daktari; goti linaweza kukunjwa ukiwa umelala kwa dawa ya usingizi, na kazi hiyo hufaulu zaidi kabla ya wiki 12. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, uliopasuliwa hutangulia kushuka.

SWALI: Baba amefanyiwa kwa roboti wiki tano zilizopita. Mbali na mshono mkubwa ana vidonda viwili vidogo chini ya goti, na sasa analalamika paja. (Msomaji, Muscat)

JIBU: Vidonda ni matundu ya pini. Vikiwa vikavu, viacheni. Vikitoa maji au usaha, arudi. Maumivu ya paja ndiyo yanayotusumbua: pini za juu nazo ziliacha matundu kwenye mfupa wa paja, na mara chache mfupa huvunjika hapohapo wiki kadhaa baadaye, hata bila kuanguka. Apunguze uzito juu ya mguu leo, atumie magongo, apigwe X-ray ya paja zima. X-ray ya goti peke yake inaweza isifike penye ufa.

SWALI: Baada ya upasuaji India, tunaweza kurudi Dar baada ya siku ngapi? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Hofu ni damu kuganda kwenye mshipa wa mguu. Madaktari wengi hupenda safari ndefu ya ndege isubiri kama wiki sita. Ikibidi mapema, isiwe kabla mshono haujakauka na kutolewa nyuzi, kawaida siku ya 12 hadi 14, na iwe kwa ruhusa ya maandishi. Atumie dawa ya kuzuia kuganda aliyoandikiwa bila kuruka dozi, akae kiti cha njiani, achezeshe vifundo na asimame kila saa. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, ni dharura.

Yaliyo kabla ya safari yana uzito uleule. Sukari ishushwe (wengi hutaka HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu, isizidi 8), damu iliyopungua irekebishwe, jino bovu ling'olewe, vidonda vya miguu vipone. Sindano ya steroidi ndani ya goti katika miezi 3 kabla ya upasuaji huongeza hatari ya usaha. Kama kachomwa, tarehe isogezwe. Na mkisharudi, mshono ukilowa msianze antibayotiki ya duka la dawa. Ikitangulia kabla maji ya goti hayajavutwa na kupimwa, mdudu hufichika na maabara haimwoni.

Msitoke hospitali bila ripoti ya upasuaji, picha za X-ray, na karatasi zenye stika za kifaa: kampuni, saizi na namba ya toleo ya kila kipande. Plastiki ikichakaa baada ya miaka 15, fundi wa Dar atahitaji plastiki ya kampuni ileile na saizi ileile. Bila stika, huenda akalazimika kung'oa na chuma kisichokuwa na tatizo.